Maji ya Chai

Honi ya lori ililia tena nyuma yao, ndefu, yenye hasira, na Mama Pacha akaisikia mpaka kwenye meno. Aligeuka akachungulia dirisha la nyuma la basi lao dogo, juu ya kitanda alichokitandika asubuhi kwa shuka mpya. Dirisha zima lilijaa uso wa lori: taa, chuma na matope yaliyokauka. Nyuma ya kioo cha lori mwanamume mwenye kofia ya sufi alikuwa akipunga mkono: nipishe, nipishe.

"Baba Pacha, mwachie apite."

"Apite wapi? Mstari haujakatika." Mumewe alishika usukani kwa mikono miwili, mgongo wima, kama mtu anayepigwa picha. "Mstari mzima ni ukuta. Ukuta unapitwa?"

"Mwenzio amebeba magogo. Akipoteza mwendo kwenye mlima huu, gari litamshinda."

"Na nani aliyemwambia abebe magogo asiyoyaweza? Wewe mimina uji ule unyamaze. Halafu hiyo chupa unaishika kwa mkono mmoja gari likiwa kwenye kona. Umefeli."

Alisema "umefeli" bila kutabasamu. Tangu ujana mpaka siku aliyostaafu kazi yake ilikuwa kutahini madereva, na mtaani hakuna aliyemwita kwa jina jingine ila Mtahini. Watu wazima walitoka garini mwake wakitokwa jasho. Nyumbani alitahini chai, alitahini upigaji pasi, alitahini namna mkewe alivyofunga mlango. Hakuwa mtu wa kupiga, na majirani walimsifia kwa hilo. Mama Pacha, aliyekuwa fundi wa kushona sare za shule mpaka vidole vikakakamaa, alijifunza kucheka mbele za watu na kumeza akiwa peke yake.

Tatizo lilikuwa kwamba sasa hakuna aliyemwogopa Mtahini tena. Kwenye foleni vijana walimpita. Barabarani walimpigia honi. Alikuwa akirudi nyumbani midomo imemkauka, akisimulia neno kwa neno alichoambiwa na kondakta au na karani, na nini angemfanya mtu huyo zamani. Ndiyo maana binti zao pacha walipochanga wakanunua lile basi dogo kuukuu, wakamtafuta fundi akatia kitanda, meza ya kukunja, jiko la gesi na tangi la maji, Mama Pacha alishukuru hata machozi yakamtoka. Wazazi wetu, mzunguke, mkaone milima, walisema mabinti. Akajiambia kwamba huko mlimani watu ni wachache. Hatapata wa kugombana naye.

Honi ikalia. Mumewe akapunguza mwendo makusudi.

"Unafanya nini?"

"Namfundisha subira."

Upande wa kushoto mlima ulipanda umevaa misonobari, upande wa kulia hakukuwa na kitu, hewa tupu na ukungu uliolala bondeni. Mama Pacha hakuuona uzuri wake. Alikuwa ameshika kiti kwa mikono yote miwili. Alisikia injini ya lori ikinguruma kwa shida, kama mnyama anayesukuma ukuta, kisha kivuli kikawafunika. Lori lilikuwa likiwapita hapo hapo, kwenye kona. Magogo yakapita karibu na dirisha la mumewe kiasi kwamba angeweza kuyabandua maganda. Kikasikika kishindo, na kioo cha pembeni kikaruka kikaenda zake.

"Mzee, nenda kalale!" dereva alipaza sauti dirishani, na lori likawapita, likiwaachia moshi mweusi.

Mtahini hakusema neno. Hilo ndilo lililomtia mkewe baridi. Angefoka, angetukana, ingepita. Lakini alinyamaza, taya zikimcheza, akabadili gia taratibu na kuendelea kupanda.

*

Walilikuta lori juu, mahali barabara ilipopanuliwa magari yapumzike. Dereva alikuwa peke yake. Ameinua boneti, mvuke unafuka, naye amekaa juu ya jiwe akingoja injini ipoe, kofia yake ya sufi mkononi, anajifutia shingo. Kijana hasa hakuwa. Mvi zilikwisha kuanza pembeni.

"Tupite tu," Mama Pacha akasema. "Nakuomba. Kioo ni kitu cha kununua."

"Nani kasema nashuka kwa ajili ya kioo?" Mumewe aliegesha, akavuta breki ya mkono, akazima gari, yote kwa mpangilio. "Tunapumzika. Kina baba wengine hupumzika. Teleka maji ya chai."

Akateleka. Baadaye alijiuliza mara nyingi kwa nini aliteleka, kwa nini mikono yake ilitii wakati moyo wake ulishajua. Alijaza sufuria, akawasha gesi, akatoa vikombe. Nyuma yake alisikia kifuniko cha sanduku la vifaa kikifunguliwa.

"Hiyo spana ya nini?"

"Nakagua nati za gurudumu."

Akashuka. Hakuelekea kwenye gurudumu lolote. Kupitia dirisha dogo lililo juu ya jiko Mama Pacha alimwona akivuka changarawe, shati limechomekwa vizuri, spana ndefu ya magurudumu ikining'inia pembeni ya paja. Alisimama mbele ya dereva kama alivyokuwa akisimama mbele ya watahiniwa.

"Leseni."

Dereva alimwangalia kuanzia viatu mpaka kichwa. "Shikamoo kwanza, mzee."

"Nimesema leseni yako. Umepita kwenye mstari mzima, kwenye kona, umevunja mali ya watu, umetukana."

"Mzee, ulinifungia njia tangu kule chini. Injini imechemka kwa ajili yako, iangalie. Ningesimama pale ningerudi kinyumenyume mpaka bondeni na magogo yangu." Alisimama, akajikung'uta. "Haya, kioo nimekosa. Nipe namba yako ya simu, tutaelewana. Lakini leseni nitampa askari. Wewe ni nani?"

Lilikuwa swali la kawaida tu, swali ambalo mtu yeyote angeuliza. Mama Pacha akaona mabega ya mumewe yakipanda. Akaacha vikombe, akakimbilia mlangoni, lakini alichelewa. Spana ilikwisha kupanda na kushuka. Taa ya lori ikapasuka.

"We mzee una wazimu?" Dereva akamsukuma kifuani kwa viganja viwili. Mtahini akayumba, akajishika, akarudi na spana. Safari hii haikutua kwenye taa. Ilitua begani, karibu na shingo, na sauti iliyotoka ilikuwa kama ya kijiti kikavu kinachokanyagwa.

Dereva hakulia. Alifungua kinywa, akauangalia mkono wake wa kushoto ulivyoning'inia, kisha akageuka mbogo. Alimrukia mzee na uzito wake wote. Wakaanguka wote wawili kwenye changarawe, spana ikaruka upande, na dereva akawa juu, goti kifuani mwa mzee na mkono wake mzima kooni.

"Mwache! Mwache, utamuua!" Mama Pacha alimvuta shati, likachanika. Alimng'ata sikio. Kiwiko kikampiga kwenye taya, akajikuta amekaa chini, mdomo umejaa damu. Miguu ya mumewe ilikuwa ikipiga changarawe. Kiatu kimoja kilikuwa kimetoka. Uso wake ulikuwa umeanza kuwa wa rangi asiyoijua.

Aliinuka. Aliingia garini. Sufuria ilikuwa ikichemka kweli kweli, kifuniko kinarukaruka. Akaishika masikio kwa kitambaa cha jikoni, akashuka ngazi kwa uangalifu, kama mwanamke anayepeleka maji ya kuoga bafuni, akaenda akasimama juu yao.

Hapo kuna kitu ambacho hakumweleza mtu kwa muda mrefu. Chini yake zilikuwepo nyuso mbili, na kwa kitambo kidogo, kidogo kuliko kupepesa jicho, hakujua amwagie yupi.

"Wewe!" akaita.

Dereva akainua uso. Akamwaga.

*

Mlio ule ulikwenda ukagonga mlima wa pili ukarudi. Dereva alibingirika, akasimama, akakimbia kipofu mpaka akagonga gurudumu la lori lake na kuanguka, akijipapasa uso na kuuachia, anaushika na kuuachia, kwa sababu kila mguso ulikuwa moto mpya. Mtahini alijigeuza ubavu akakohoa, akatapika uji. Matone yalikuwa yamempata mkononi, yeye pia, lakini hakuyajali.

Mama Pacha alikuwa bado ameshika sufuria. Kwanza alihisi wepesi, kama mtu aliyetua mzigo wa kuni. Kisha harufu ikamfikia, akaitupa.

"Twende," mumewe akasema. Sauti yake ilikuwa imekwaruzika, kama si yake. Aliokota kiatu, akaokota spana, akatazama juu na chini ya barabara. "Mama Pacha. Hakuna aliyeona. Ingia garini twende."

"Na huyu?"

"Atapita mtu."

"Atapita nani? Tangu asubuhi umeona nani hapa?"

"Alitaka kuniua! Umeona mwenyewe, alinikaba. Ingia ndani nimesema!"

Mama Pacha hakuingia. Alikwenda akapiga magoti kwa yule mtu, akamshika kiganja kilichokuwa kinatafuta hewa. Alipoguswa, dereva alijikunyata kama mtoto anayengoja kofi.

"Usinimwagie tena, mama. Basi. Basi."

"Sikumwagii, baba. Inuka. Tunakupeleka hospitali." Akamgeukia mumewe. "Mshike upande ule ulio mzima. Bila yeye siendi popote. Ukitaka kwenda nenda, na mimi nitabaki hapa nimwambie kila atakayepita."

Mumewe alimtazama. Walikuwa wamezeeka pamoja na hakuwahi kuisikia sauti hiyo. Akaitupa spana chini ya kiti, akarudi, akamshika.

Walimlaza kwenye ile shuka mpya. Gari likaanza kuteremka upande wa pili wa mlima, na Mama Pacha akafungua bomba la tangi, akawa anajaza kikombe na kummwagia maji ya baridi polepole, usoni, shingoni, kifuani ambako shati lililochanika lilikuwa limegandia. Kila kona vyombo vilianguka. Maji yakatapakaa sakafuni, yakaenda mbele yakarudi nyuma. Ngozi ya paji la uso ilikuwa imeinuka na kujaa. Jicho la kulia lilikuwa limefumba kwa uvimbe.

"Macho yangu yapo?" akauliza.

"Yapo."

"Usinidanganye, mama. Mimi kazi yangu ni macho."

"Yapo. Hilo la kushoto si unaniona nalo?"

"Naona kivuli." Meno yalikuwa yakimgongana. "Simu iko mfuko wa suruali. Mpigie mke wangu. Yuko hapo mbele, mjini, kiwanda cha mbao. Mwambie... mwambie tu aje."

Alimtolea simu, akapiga. Sauti ya mwanamke ilitoka imezungukwa na kelele za misumeno. "Halo? Umeshavuka? Mbona mapema?" Mama Pacha akasema mumeo ameungua, tunampeleka kituo cha afya, njoo. Yule mwanamke akauliza ameungua na nini. Mama Pacha akasema maji. Kisha akakata kabla ya swali linalofuata.

Kutoka mbele mumewe alikuwa amesikiliza. "Sawa kabisa," akasema, na safari hii sauti yake ya kazi ilikuwa imerejea kidogo. "Maji. Tutasema radieta imemlipukia. Boneti iko wazi, injini ilichemka, hata askari akienda ataona mwenyewe. Alifungua kifuniko kabla haijapoa. Sisi tulikuwa tunapita, tukamkuta, tukamsaidia. Mama Pacha, unanisikia?"

"Na mfupa wa bega? Na shingo yako?"

"Alianguka akaumia bega. Mimi nitafunga kola. Una umri gani wewe, unataka ukalale mahabusu? Unataka binti zako waje wakuone umekaa sakafuni na wezi? Mimi nakuokoa wewe! Si mimi niliyemwaga."

Mama Pacha alijaza kikombe kingine. Lilikuwa jambo la kweli: si mumewe aliyemwaga. Dereva alikuwa ametulia, kichwa kimeelekea ukutani. Alikuwa amesikia kila neno.

"Semeni mnavyotaka," akasema mwishowe, polepole, midomo ikimvimba. "Nifikisheni tu."

*

Kituo cha afya kilikuwa jengo refu la bati jekundu, benchi moja nje na moja ndani. Muuguzi aliyetoka alikuwa na glavu mkono mmoja. Alipomwona mgonjwa akavaa ya pili haraka. Wakamwingiza nyuma ya pazia.

"Imekuwaje?"

"Radieta," Mtahini akasema. Kola ameifunga mpaka juu. "Vijana hawa hawana subira. Tumemkuta barabarani anagaagaa."

"Na wewe mama, mdomo?"

Mama Pacha aligusa mdomo wake. Alikuwa ameusahau.

"Kona," mumewe akajibu kwa niaba yake. "Amejigonga kwenye meza."

Muuguzi akatikisa kichwa kwa huruma, akasema Mungu awalipe, siku hizi watu wanakuta mgonjwa barabarani wanampiga picha wanaondoka. Akamwambia mlinzi awaletee viti vyenye mgongo. Mtahini akashukuru, akakaa, akakunja miguu. Rangi ilikuwa imemrudia. Akamgeukia mkewe akanong'ona, "Umeona? Sasa kaa vizuri. Unakaa kama mwenye hatia."

Askari wa kituo cha jirani alifika, mtu mnene mwenye haraka, akasema lori la magogo limeripotiwa mlimani limezuia nusu ya barabara; ndilo hilo? Mtahini akamsimulia habari ya radieta kwa utulivu, akataja mpaka aina ya injini. Askari akawa anaitikia, anatazama saa.

Ndipo mke wa dereva akaingia. Alikuja mbio, aproni ya kiwandani bado kiunoni, vumbi la mbao kwenye nywele na kwenye nyusi. Alifungua pazia, akaona, akalifunga. Alisimama hapo akiwa amelishika kama mtu anayezuia mlango dhidi ya upepo. Muuguzi akamwambia jicho moja lina nafuu, la pili hawajui, na bega limevunjika, na watampeleka hospitali kubwa gari likipatikana.

"Nani amemleta?"

Muuguzi akaonyesha kwa kidevu.

Yule mwanamke akaja moja kwa moja kwa Mama Pacha. Akapiga magoti sakafuni, akamshika mikono yote miwili, viganja vyake vikavu vikikwaruza kama msasa. "Asante, mama yangu. Asante. Kama si wewe angefia kule juu peke yake. Hata maji umemwagia, muuguzi ameniambia, shati lote limelowa, wamesema ndiyo yamemsaidia. Mama mwenye moyo kama wako sijaona. Niambie nikulipe nini."

Mama Pacha alijaribu kuivuta mikono yake, lakini mwenzake aliing'ang'ania, akaibusu, kwanza mmoja, kisha mwingine. Mtahini akakohoa. "Ni wajibu tu, mwanangu," akasema. "Tungeweza kumwacha?"

Nyuma ya pazia chombo cha chuma kiliwekwa juu ya chombo cha chuma.

"Ni mimi," Mama Pacha akasema.

"Ndiyo mama, wamesema ni wewe."

"Hapana. Nisikilize. Ni mimi niliyemmwagia maji ya moto. Si radieta. Mume wangu alimpiga na spana, akamvunja bega, naye akamkaba mume wangu, nami nikachukua sufuria ya chai nikammwagia usoni. Nilimwita kwanza ili aangalie juu."

Mke wa dereva alibaki amepiga magoti, mikono ileile ikiwa mikononi mwake. Alikuwa akimtazama mdomo, kama mtu anayengoja maneno yaje mara ya pili yawe mengine. Kisha akaiachia. Akainuka.

Kofi la kwanza lilimpata Mama Pacha palepale palipokuwa pamepasuka. La pili lilikuwa ngumi. Alianguka na kiti chake, na yule mwanamke akamfuata chini, akimpiga kichwani, mabegani, mgongoni, bila kutukana, bila sauti yoyote ila pumzi. Mama Pacha hakuinua mikono.

Mtahini aliruka. Kwa mkono alishaushika mguu wa meza ndogo ya dawa, uso wake umekuwa uleule aliokuwa nao kule juu mlimani.

"Baba Pacha," mkewe akasema kutoka sakafuni. "Kaa chini."

"Anakuua!"

"Kaa chini."

Akasimama hapo, meza imeinuka upande mmoja, chupa zikiteleza na kuanguka moja moja. Askari alikuwa bado anahangaika kutoka kwenye kiti chake. Muuguzi alikuwa ametoka nyuma ya pazia. Watu wote walikuwa wakimtazama mzee mwenye kola iliyofunguka, na alama za vidole vitano shingoni zikionekana wazi.

Akaiachia meza. Akakaa.

Ngumi zilipungua zenyewe. Mke wa dereva alibaki amechuchumaa, akihema, kisha akajifunika uso kwa aproni na sasa ndipo akalia. Askari akamshika mkono akampeleka benchi la mbali. Hakumfokea. Mama Pacha aliinuliwa na muuguzi. Alikataa kiti chenye mgongo. Akakaa kwenye benchi, karibu na ukuta, damu ikimdondokea kwenye gauni.

"Mzee," askari akasema, na haraka yake yote ilikuwa imekwisha. "Anayosema mkeo ni kweli?"

Mtahini alitazama mlango. Alitazama mikono yake. Kwa mara ya kwanza mkewe alimwona akiwa jinsi walivyokuwa wakionekana wale watu wazima waliotoka garini mwake wakitokwa jasho.

"Nilimuuliza leseni," akasema. "Akaniuliza mimi ni nani."

"Nimekuuliza kama ni kweli."

"Ni kweli. Nilianza mimi." Kisha, chini kwa chini, bila kumwangalia mkewe, "Umetumaliza, Mama Pacha."

Askari alivuta kiti akakaa mbele ya Mama Pacha, akamwambia aeleze tangu mwanzo, polepole, asiruke kitu. Mama Pacha akafuta mdomo kwa mkono, akaanza na honi. Alifika mahali lori lilipowapita kwenye kona, na hapo nyuma ya pazia muuguzi akaanza kumbandua dereva lile shati. Mlio ukatoka, mwembamba, mrefu. Mke wake akaziba masikio. Mtahini akainama.

Mama Pacha alinyamaza akausikiliza mpaka ukaisha. Kisha akaendelea.